Uso si Ushahidi

Kwetu Katwe, wilayani Kasese, mtu hujifunza kutilia shaka mawingu kabla hajajua kusoma. Chumvi ya Ziwa Katwe hutegemea jua. Wachimbaji huingiza maji ya ziwa katika vidimbwi vyao, wakangoja jua liyakaushe, na mvua kubwa ikinyesha kabla ya wakati, kazi ya majuma huyeyuka. Kwa hiyo macho ya watu hayaachi kutazama juu. Mawingu hujikusanya mara kwa mara kwenye milima ya Rwenzori, na siku nyingi hayatuletei hata tone. Anayekimbilia kuvuna chumvi changa kila aonapo wingu hupata hasara, kama anayoipata yule asiyetazama kabisa. Naanza na jambo hili kwa sababu nimewahi kusikia methali ya "dalili ya mvua ni mawingu" ikitumiwa kumhukumu mtu, na mtu huyo nilikuwa mimi.

Ilikuwa katika chuo nilichoanzia masomo, kabla sijahamia hapa. Insha mbili za Kiswahili zilikutwa zikifanana kurasa mbili nzima: yangu na ya mwenzangu wa darasani. Tuliitwa mbele ya walimu watatu, mmoja mmoja. Mwenzangu alitangulia, akatoka akitabasamu. Mimi nilipoingia nilisalimu, nikainamisha macho, kwa kuwa ndivyo nilivyolelewa nyumbani: kijana hamkazii macho mzee anayemwuliza jambo zito. Jasho lilinitoka. Mguu mmoja ulitikisika na sikuweza kuutuliza. Mwalimu mmoja akasema, "Mwenye haki hututazama machoni. Dalili ya mvua ni mawingu." Nikapewa sifuri na kuambiwa nirudie somo. Begani nilikuwa na begi, na ndani ya begi mlikuwa na daftari lenye rasimu tatu za insha ile, kila moja na tarehe yake. Daftari hilo hilo nilikuwa nimemwazima mwenzangu juma moja kabla ya siku ya kukabidhi kazi. Hakuna aliyeniuliza niliiandikaje insha yangu. Nami kwa hofu sikulifungua begi; kosa hilo nakubali ni langu.

Sisemi walimu wale walikuwa watu wabaya. Waliamini jambo ambalo wengi wetu tunaliamini, kwamba mdomo hudanganya lakini mwili husema kweli. Imani hiyo ndiyo ninayoipinga, na nitaipinga nikitumia mfano wa mahali ambapo kusoma miili ya watu ni kazi ya kila dakika, yaani kwenye mchezo wa karata.

Msomaji asiyetoka Uganda nikimtajia matatu asidhani nazungumzia gari la abiria. Matatu ni mchezo wetu wa karata, unaochezwa vijiweni, mabwenini na chini ya miti. Kila mchezaji hupewa karata saba, na karata moja hufunuliwa ionyeshe aina ya kukata: kopa, uru, shupaza au pau. Anayeiteremsha saba ya aina hiyo amekata. Mchezo husimama, kila mtu huzilaza karata zake, hesabu hufanywa, na mwenye jumla ndogo ndiye mshindi. Utaona mara moja ugumu ulipo. Ukiwa na ile saba mkononi, huwezi kukata kabla ya kukisia kama mwenzako amebeba mzigo mzito au mwepesi. Karata zake huzioni. Unachokiona ni uso wake, vidole vyake, na jinsi anavyovuta pumzi.

Katika kijiwe chetu alikuwapo mzee mmoja aliyechimba chumvi miaka mingi. Vidole vyake vilikuwa vimepasuka na mikono ilimtetemeka. Wageni, hata wafanyabiashara waliopitia kwetu wakielekea Bwera na mpakani Mpondwe, waliuona mtetemeko ule wakasema mzee ana hofu, karata zake ni mbaya. Wakakata. Wakahesabu. Wakashindwa. Mikono ya mzee ilitetemeka akiwa na karata mbaya, akiwa na karata nzuri, na hata akinywa chai. Sisi wenyeji tulihitaji miezi kugundua dalili yake ya kweli: akiwa na karata nyepesi aliacha kututania. Na yeye alipotambua kwamba tumemgundua, akaanza kunyamaza hata akiwa na karata nzito. Tukashindwa upya.

Wachezaji wa poka duniani wanalijua jambo hili kuliko sisi, kwa kuwa wao huweka fedha mezani. Mwaka 1984 Mmarekani Mike Caro alitoa kitabu kizima kuhusu dalili za mwili katika mchezo huo. Fundisho lake linalojulikana zaidi ni kwamba wachezaji huigiza: mwenye karata kali hujifanya mnyonge, na mwenye karata dhaifu hujifanya jasiri. Wengine huvaa miwani myeusi na kofia, ingawa kinga bora ni ya bure: kufanya kila jambo kwa namna ileile kila mara, kungoja muda uleule, kuweka dau kwa mkono uleule, uwe na karata njema au mbovu. Mwenye mazoezi hayo hasomeki. Asomekaye ni yule asiyejua kwamba anasomwa.

Tafiti nazo zinatuonya. Mwaka 2013 Michael Slepian na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya kwa video za mashindano makubwa ya poka ya mwaka 2009. Watazamaji walioonyeshwa nyuso tu za wachezaji hawakukisia ubora wa karata vizuri kuliko mtu anayebahatisha. Walioonyeshwa mikono ikisukuma dau walifanya vizuri zaidi kidogo. Yaani mahali tunapotazama sana, usoni, ndipo palipowapotosha. Kabla ya hapo, mwaka 2006, Charles Bond na Bella DePaulo walikusanya tafiti nyingi ambazo ndani yake watu zaidi ya 24,000 walijaribu kutofautisha mkweli na mwongo bila msaada mwingine wowote. Walipatia kwa wastani mara 54 katika kila mara 100. Kwa kurusha sarafu, wangepatia 50.

Najua nitakavyojibiwa. Mwalimu wa miaka ishirini atasema, "Wewe unazungumzia watu wa kawaida, mimi nimewaona wanafunzi wengi, nawajua." Namheshimu mwalimu wangu, lakini namwomba ajilinganishe na mchezaji wa karata. Mchezaji huboresha macho yake kwa sababu kila mchezo unapokwisha karata hulazwa mkekani. Akikosea anajua leo leo, na kosa linamuuma. Hukumu ya ofisini haina mkeka. Mwanafunzi aliyeonewa huondoka kimya, aliyeponyoka huondoka akicheka, na mwenye kuhukumu hubaki akidhani amepatia mara zote mbili. Miaka ishirini ya namna hiyo huongeza kujiamini tu; ujuzi hubaki ulipokuwa. Aidha mchezaji hukaa na mtu yuleyule jioni nyingi akajua mtetemeko upi ni hofu na upi ni uzee. Walimu watatu wale walikuwa wakiniona kwa karibu mara ya kwanza, kwa dakika kumi.

Lipo pingamizi la pili, nalo ni zito zaidi: je, mwili hausemi lolote? Husema. Jasho langu lilisema kweli kwamba naogopa. Lakini halikusema naogopa nini. Mwizi huogopa kukamatwa, na asiye mwizi huogopa kusingiziwa. Jasho lao ni moja. Macho yaliyoinama yana maana nyingine tena, kwa kuwa katika darasa moja la Kiswahili nchini Uganda wamo watoto wa makabila mengi, na kila mmoja amefundishwa kwao namna ya kusimama mbele ya mkubwa. Kipimo kimoja cha macho kwa wote hao humpa alama aliyelelewa kama mpimaji na kumnyang'anya aliyelelewa vingine.

Tena kipimo hicho humfaidi nani? Mwenzangu aliwatazama walimu machoni kwa utulivu. Huo ndio uso wa mtu aliyejiandaa. Mwongo ndiye mwenye sababu ya kufanya mazoezi mbele ya kioo. Mkweli huingia kama alivyo, na mguu wake unaotikisika. Tukiendelea kuhukumu kwa uso, tutakuwa tunawafundisha wanafunzi mchezo wa poka na kuuita maadili. Mwenye haya atashindwa, mwigizaji atafaulu, nasi tutashangaa kwa nini wizi wa kazi hauishi.

Kwa hiyo nawaambia walimu wangu, kwa adabu lakini bila kuinamisha macho safari hii: mashaka yenu ni haki yenu. Mkiona jasho, ulizeni. Ulizeni rasimu ziko wapi, kitabu gani kilisomwa, kwa nini aya ya tatu inaanza vile inavyoanza. Aliyeandika atajikwaa kwa hofu lakini atajibu. Aliyenakili atatabasamu vizuri na hatakuwa na la kusema juu ya aya ya tatu. Na katika mtihani wa kuzungumza, tuzo itolewe kwa jibu. Mwanafunzi anayesema Kiswahili sanifu huku akitazama sakafu amesema Kiswahili sanifu. Neno "alionekana mwenye hatia" lisiandikwe tena katika kumbukumbu za kikao chochote, maana halimweleza mwanafunzi, linamweleza aliyemtazama.

Nanyi wanafunzi wenzangu, msichukue insha hii kama somo la kuficha nyuso. Chukueni somo la daftari. Tunzeni rasimu zenu, andikeni tarehe, na mkiitwa mbele ya watu, hata mkitetemeka, fungueni begi kabla hamjaulizwa. Mimi nililifunga langu, nikarudia somo zima.

Kijiweni kwetu hakuna anayeruhusiwa kusema "nimeshinda, tazameni uso wake." Wangemcheka hadi arudi nyumbani. Ukikata, unalaza karata, unahesabu kwa sauti, na kila aliyepo anaona. Kama mchezo wa jioni usio na hata shilingi moja unadai hivyo, hukumu inayogusa masomo ya mtu haiwezi kudai pungufu.