Vipindi vimepotea, ratiba imebaki

Haya wasomaji, leo tuache kidogo habari za simu na programu mpya, tuzungumze kuhusu televisheni ya Uingereza ya miaka ya 1950. Usikimbie. Kuna jambo letu ndani yake, hasa sisi wa Mombasa.

Chukua siku moja ya kawaida mwaka 1954. Chaneli ni moja tu, ya BBC, maana ITV ilianza Septemba 1955. Mchana akina mama wana kipindi chao, jioni watoto wana vyao. Ikifika saa 12 jioni kioo kinabaki kitupu kwa saa nzima, ili wazazi wapate nafasi ya kuwalaza watoto. Desturi hiyo ilifutwa Februari 1957. Kisha vipindi vya usiku, na kabla ya saa 6 usiku watu wamefungiwa, walale.

Karibu kila kitu kilikwenda hewani moja kwa moja. Jumapili tarehe 12 Desemba 1954 BBC ilionyesha mchezo wa Nineteen Eighty-Four, kutokana na kitabu cha George Orwell. Alhamisi tarehe 16 ukarudiwa. Kurudiwa maana yake nini? Waigizaji walirudi studio wakaigiza upya mwanzo hadi mwisho! Ule wa Alhamisi ulirekodiwa kwa kuelekeza kamera ya filamu kwenye kioo cha televisheni, ndio uliobaki hadi leo. Wa Jumapili umekwenda na upepo. The Quatermass Experiment ya 1953 ilikuwa na sehemu sita, zimebaki mbili.

Sasa swali la kiufundi. Kama vipindi vimepotea, mimi niliye Mombasa nimejuaje vilikuwepo? Kwa sababu ratiba haikupotea. Gazeti la Radio Times lilianza kuchapa ratiba za BBC mwaka 1923. Mwaka 2014 BBC ikafungua tovuti iitwayo Genome yenye ratiba za mwaka 1923 hadi 2009. Kurasa ziliskaniwa, kompyuta ikasoma maandishi, na wasomaji wa kawaida wakaruhusiwa kutuma masahihisho. Andika tarehe yoyote, unapata siku nzima, saa kwa saa.

Turudi kwetu. Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962, Nairobi. Mombasa ilipata kituo mwaka 1970. Kwa hiyo miaka ya 1950 cha kwetu kilikuwa redio. Mombasa ilikuwa na kituo chake, Sauti ya Mvita. London ilikuwa ikitangaza kwa Kiswahili tangu 1939. Cairo nayo ikaanza Kiswahili mwaka 1954, ikiwasema Waingereza waziwazi. Na hizo ni siku ambazo mwambao, kwa jina, ulikuwa bado chini ya Sultani wa Zanzibar, hali iliyokwisha Desemba 1963.

Kwa hiyo nani alisema nini, saa ngapi, na kituo gani kilishindana naye saa hiyohiyo, si mambo madogo. Ni historia ya siasa zetu, ya taarabu yetu na ya Kimvita chetu. Haya, chukua tarehe aliyozaliwa babako. Uliza London ilitazama nini siku hiyo, jibu ni sekunde moja. Uliza Mji wa Kale ulisikiliza nini. Hapo itabidi uanze kufukua karatasi.

Rai yangu ni hii: tusisubiri kanda za sauti, tuanze na ratiba. Watu wakizungumzia kuhifadhi historia ya utangazaji, wote hukimbilia sauti, kisha wanakwama kwenye gharama za mashine na seva. Ratiba ni maandishi matupu. Piga hesabu: kituo kimoja, mistari 20 kwa siku, herufi 80 kwa mstari, ni baiti 1,600. Mwaka mzima haufiki kilobaiti 600. Miaka kumi ni chini ya megabaiti 6, yaani chini ya nyimbo mbili za MP3. Hatuna kisingizio.

Najua kuna atakayesema ratiba bila kipindi ni bahasha bila barua. Si kweli. Kwanza, huwezi kutafuta kilichopotea kama hujui kilikuwepo. Kanda isiyo na jina ikitoka kwenye kasha la mtu Kibokoni, ratiba ndiyo itakayosaidia kuitambua. Pili, msomee mzee mstari mmoja tu, jina la kipindi na saa yake, uone kumbukumbu zinavyofunguka. Ukimwuliza tu "mlikuwa mkisikiliza nini?" atakujibu "mengi". Na wazee hao hawatungoji.

Kwa wenzangu waandishi wa programu, tahadhari ya saa. Faili la saa za dunia linalotumiwa na kompyuta nyingi liliandika kwa miaka mingi kwamba saa ya Nairobi ilikuwa mbele ya Greenwich kwa saa 2 na dakika 45 hadi mwaka 1960. Toleo la sasa linasema hali hiyo ilikwisha 1942, kisha ikawa saa 3 kamili. Yaani ukilinganisha Mombasa na Cairo mwaka 1955 kwa toleo la zamani, umekosea robo saa. Ongeza saa zetu za Kiswahili, ambapo saa 1 usiku ni 19:00, na una fujo kamili.

Kwa hiyo jedwali liwe na safu sita: tarehe, saa kama ilivyochapwa, saa iliyogeuzwa, kituo, jina la kipindi, na chanzo, yaani gazeti na ukurasa. Saa iliyochapwa isifutwe kamwe. Ukikosea kugeuza, asili ipo. Faili la kawaida la maandishi linatosha, hifadhidata itakuja baadaye.

Kazi yenyewe haihitaji fundi. Inahitaji simu yenye kamera, ruhusa ya mwenye karatasi au maktaba, na mtu mwenye subira ya kuandika. Vijana kumi wakichukua mwezi mmoja mmoja wa gazeti la zamani, tutakuwa na cha kuonyesha kabla ya mwaka kwisha. Waingereza walipoteza vipindi vyao huku wakiwa na pesa na mashine, lakini karatasi waliitunza. Sisi tukipoteza na karatasi, wajukuu watadhani mji huu ulikuwa kimya.

Kama nyumbani kwenu kuna magazeti ya zamani yenye ratiba za redio, msifungie maandazi. Niambieni.