TAHARIRI: NDEGE ISIPOTUA, HASARA NI YA NANI?



Msimu wa kaskazi umeingia, bahari imetulia, papa potwe wameonekana upande wa Kilindoni, na wageni wa kupiga mbizi wameanza kuteremka kisiwani kwetu Mafia. Kila mmoja wetu anajua maana yake. Huu ndio msimu wa ada za shule, wa bati za nyumba, na wa kufuta madeni ya dukani. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini leo tunataka kuzungumza juu ya yule mgeni ambaye hakuja. Yeye alitaka kuja, tena ameshalipa. Ndege yake ndiyo haikutua.

Jambo hili si geni. Asubuhi watu wamejipanga. Nahodha ametia mafuta, vijana wamejaza mitungi ya hewa tangu alfajiri, wavuvi wameleta kolekole na changu kama walivyoagizwa, akina mama wamechuma mchicha na bamia. Saa nne simu inalia: ndege haitoki Dar es Salaam leo. Labda jioni. Jioni inaambiwa labda kesho. Kesho nayo ina mambo yake. Sasa je, ile siku iliyopotea imelipwa na nani?

Hebu tuhesabu pamoja. Kampuni ya ndege imeshapokea nauli, na abiria atasafirishwa siku nyingine. Hoteli ina amana ya mgeni mkononi. Mgeni mwenyewe, mara nyingi, ana bima ya safari huko kwao. Wote hao wana kitu cha kuwashika wasianguke. Anayebaki ni mvuvi mwenye samaki wanaolainika, mama mwenye mboga zinazonyauka, nahodha aliyekopa mafuta, na kibarua wa mitungi ambaye hulipwa akipanda chomboni tu. Kwa maneno mengine, hasara ya ndege inateremka ngazi mpaka inamfika yule asiye na pa kuiteremshia.

Wazee wetu walikausha mbata wakangoja jahazi. Jahazi likichelewa wiki, mbata ilikaa ghalani ikangoja. Biashara hii ya sasa siyo ya mbata. Samaki hangoji, na bahari pia haingoji. Nje ya Ghuba ya Chole, kwenye mlango wa Kinasi, kuna miamba ambayo wageni wanatoka nchi za mbali kuja kuiona. Pale huwezi kwenda saa unayotaka wewe. Maji ya bamvua hupita kwa nguvu, na yanapotoka ghubani huja na uchafu, mgeni haoni kitu. Nahodha hupanga safari kwa kufuata kujaa kwa maji na siku za maji mafu. Mgeni wa siku nne akipoteza siku mbili, hapotezi nusu ya safari tu, anaweza kuukosa mlango wote. Hakuna anayeweza kuuambia mwezi urudi nyuma ili bamvua lije tena.

Hata hivyo, ndugu, tusiwe watu wa kulaumu ovyo. Ndege kukosa kuja kuko kwa namna mbili, na tukizichanganya tutawaonea watu.

Namna ya kwanza ni ya hali ya hewa. Ndege zinazoleta wageni wengi hapa ni ndogo, za abiria kumi na kitu. Rubani akiona wingu zito la mvua limefunga kisiwa, akaamua kubaki au kurudi, huyo tumshukuru. Mapema Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipotufikia, nani angetaka ndege iwe angani? Uwanja wetu ulipokuwa wa changarawe, hata mvua ya kawaida ilikuwa tatizo. Mwaka 2013 njia ya ndege ikawekewa lami kwa msaada wa Marekani, na tangu hapo mambo yamepata nafuu. Lakini lami iko chini, haizuii wingu.

Namna ya pili ni ya viti. Abiria wa asubuhi ni watatu, wa alasiri ni watano, basi wanaunganishwa safari moja. Au ndege inapangiwa kwanza njia nyingine yenye watu wengi, sisi tunangoja zamu. Au mgeni mwenyewe amechelewa na ndege kubwa kutoka nje, akaikuta ya Mafia imeshaondoka. Ama begi lake la mbizi ni zito, maana ndege hizi huruhusu kama kilo 15 tu kwa mtu, begi likaachwa lije kesho, na mzamiaji asiye na vifaa vyake akakaa ufukweni. Hapa hakuna amri ya Mungu. Hapa kuna hesabu za watu, na hesabu za watu zinazungumzika. Tunachodai ni kidogo: mabadiliko ya namna hii tuambiwe jioni ya jana yake, kabla mvuvi hajatoka na kabla mafuta hayajatiwa.

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuandike. Hasara ya fedha inauma, lakini inalipika. Kuna hasara mbili zisizolipika.

Ya kwanza ni ya kuvusha. Ndege ya kurudi ikikosa, mgeni anayekimbilia ndege yake ya Ulaya huanza kuhangaika. Ataambiwa kuna kivuko cha kwenda Nyamisati, lakini kina ratiba yake na gari la kutoka Nyamisati hadi Dar es Salaam ni safari nyingine. Hapo ndipo anapomfuata kijana mwenye mashua ya injini na kumwonyesha noti. Kijana ametoka kupoteza siku mbili bila malipo. Nyumbani wanamngoja. Anatazama noti, anatazama bahari, anaona noti ni kubwa kuliko bahari. Jamani! Usiku, kusi likivuma, chombo hakina maboya ya kutosha, mizigo imejaa hadi ukingoni! Nchi hii imeshazika watu wa kutosha. MV Spice Islander ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, ikiwa imejaza watu kupita kiasi. MV Skagit ilizama tarehe 18 Julai 2012 ikielekea Unguja katika upepo mkali. Hizo zilikuwa meli. Mashua yetu ni nini mbele yake?

Ya pili wengi hawaijui, kwa hiyo tuieleze kwa lugha nyepesi. Mtu akizama mita 20, mgandamizo wa kule chini ni mara tatu ya huku juu. Hewa anayovuta humwingiza naitrojeni nyingi mwilini, nayo haitoki mara moja anapopanda chomboni. Hutoka polepole kwa saa nyingi. Akipanda ndege kabla haijatoka, kule angani mgandamizo unapungua, na naitrojeni hugeuka mapovu mwilini, kama soda inapofunguliwa. Mapovu hayo huumiza viungo, huweza kupoozesha, hata kuua. Ndiyo maana wataalamu wa mbizi hushauri mtu aliyezama mara moja akae angalau saa 12 kabla ya kupanda ndege, na aliyezama mara kadhaa au siku mfululizo akae angalau saa 18. Wengi huweka saa 24 kabisa, na sisi tunaona ndivyo inavyopasa. Matibabu ya ugonjwa huo ni kukaa katika chumba maalumu cha mgandamizo. Mafia hakuna chumba hicho. Mgonjwa ni wa kupelekwa kwingine, na njia ya haraka ya kumpeleka ni ndege hiyo hiyo iliyomdhuru.

Ratiba isiyotulia inaingiaje hapo? Inaingia hivi. Mgeni alikuwa aondoke kesho jioni. Leo mchana anazama. Usiku anaambiwa, ndege yako imesogezwa, ni kesho asubuhi mapema. Saa zake hazijatimia, lakini anaogopa akiiacha hii, nyingine haijulikani ni lini. Basi anapanda. Na yule aliyepoteza siku mbili za mwanzo ndiye anayeomba zaidi apelekwe mbizi siku ya mwisho, apate thamani ya fedha yake. Nahodha naye, kwa kuwa hakulipwa siku zile mbili, hana moyo wa kumkatalia. Mnaona jinsi siku moja iliyokosa mwenyewe inavyomsukuma mgeni na mwenyeji wote wawili kwenye hatari?

Kwa hiyo basi, kusema tu "msivushe usiku" au "msizamishe mtu siku ya mwisho" hakutoshi. Mtu mwenye njaa humpi hotuba ukadhani ameshiba. Dawa ni ushirika kuibeba hasara ya siku ya kungoja kwa pamoja, ili asiwepo mwanachama wa kulazimika kubahatisha. Tunapendekeza haya yajadiliwe kwenye mkutano mkuu:

1. Malipo ya kungoja. Mwanachama yeyote aliyeitwa kazini na ushirika, akafika, alipwe nusu ya siku hata ndege isipotua.

2. Mfuko wa ndege. Kila safari ya wageni iliyokamilika itoe sehemu ndogo iwekwe mfukoni, mkutano uamue kiasi. Haba na haba hujaza kibaba. Mfuko usiguswe kwa jambo jingine, na hesabu yake ibandikwe hapa ukutani kila mwezi ili kila mtu aisome.

3. Mapatano na hoteli pamoja na wenye shule za mbizi. Agizo lililofutwa jioni ya jana yake halina deni. Lililofutwa asubuhi, baada ya watu kuingia gharama, lilipiwe sehemu kutoka kwenye amana ya mgeni.

4. Samaki wanunuliwe kwa mafungu mawili. Fungu la kwanza dogo, la wageni waliokwisha fika. La pili linunuliwe baada ya kupigiwa simu kwamba ndege imeruka Dar es Salaam. Kutoka huko hadi hapa ni kama nusu saa au zaidi kidogo, na kutoka Kilindoni hadi Utende ni kilomita 14 hivi za lami. Muda unatosha. Watakaobaki wauzwe kijijini siku ile ile, au wafanywe ng'onda.

5. Kuvusha wageni usiku au katika upepo mkali kupigwe marufuku kwa kila chombo cha mwanachama. Atakayevunja asipangiwe wageni msimu mzima, awe mtoto wa nani, awe nani.

6. Daftari la saa. Kila mgeni aandikwe siku na saa ya ndege yake, na mbizi yake ya mwisho iwe si chini ya saa 24 kabla. Ndege ikisogezwa mbele, kiongozi wa mbizi amwambie mgeni wazi: usipande, ngoja nyingine. Ushirika umsaidie kupata pa kulala.

Wako watakaosema hoteli zitakataa hilo la tatu. Wakikataa nahodha mmoja mmoja, ni kweli, watamwacha na kumwita mwingine. Wakitukataa wote kwa pamoja, watampeleka nani Kinasi? Kidole kimoja hakivunji chawa. Na hoteli nazo zinafaidika, maana jina la Mafia likichafuka kwa ajali moja, litachafuka kwao na kwetu.

Wengine watasema mfuko utakuwa na fedha za watu wavivu, mtu analipwa kwa kukaa. Ndugu, kuamka saa kumi usiku, kujaza mitungi, kusafisha chombo na kungoja mpaka jua lizame si uvivu. Ni kazi ambayo mnunuzi wake hakutokea.

Jambo la mwisho ni kuwaambia wageni ukweli. Mwenye kupiga simu au kuandika kuulizia nafasi, aambiwe mapema: acha siku moja ya ziada kuja, na moja ya ziada Dar es Salaam kabla ya ndege yako kubwa. Wapo wanaoogopa kwamba ukweli huo utawakimbiza. Sisi hatudhani hivyo. Anayekuja akijua, akingoja siku moja, hukaa chini ya mwembe akala pweza na kucheka. Anayekuja bila kujua ndiye anayetafuta mashua ya usiku.

Mwaka 1995 bahari yetu ilipotangazwa Hifadhi ya Bahari, ya kwanza Tanzania, tuliombwa tuache baruti, tuache na nyavu zinazoharibu matumbawe, kwa ahadi kwamba bahari iliyo hai italeta riziki nyingine. Mwaka 2020, dunia ilipofunga viwanja vyake na Tanzania nayo ikasimamisha ndege za abiria kutoka nje kati ya Aprili na Mei, tuliona riziki hiyo inavyoweza kukatika kwa siku moja. Hatuwezi kuziamuru ndege. Tunaweza kuamua kwamba siku isiyo na ndege haitamwacha mtu peke yake na deni lake.

Mkutano mkuu ni Jumamosi baada ya sala ya alasiri. Kila mwanachama afike, na akina mama wa mboga wafike mapema wakae mbele, maana hasara yao ndiyo huwa haihesabiwi. Njooni na hoja, hata za kupinga. Tukikubaliana, tuandikiane na tutie sahihi.

Ushirika ni nguvu yetu.