Kalamu ya Umbea: Kutoka Malkia wa Urusi hadi Mama wa Karachuonyo

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hii hutumiwa sana kuupa umbea heshima usiyostahili. Makala haya yanashikilia kwamba yako yasemwayo ambayo hayakuwapo wala hayaji, na kwamba mengi ya aina hiyo huwaangukia wanawake walioshika hatamu za uongozi. Aidha, yanakusudia kuonyesha kwamba tatizo si kuyasimulia maisha ya kibinafsi ya viongozi hao. Tatizo ni kwamba tumewaachia wambea kazi ya kuyasimulia, ilhali sisi tunaojiita wanafasihi tumekaa kimya.

Tuanze mbali ili tupate kuona vyema yaliyo karibu. Catherine wa Pili wa Urusi alizaliwa mwaka 1729 katika ukoo wa watawala wadogo wa Kijerumani. Aliozwa mrithi wa kiti cha Urusi mwaka 1745, akiwa msichana wa miaka 16. Mwaka 1762 alimpindua mumewe, Peter wa Tatu, na siku chache baadaye mume huyo akafa akiwa kizuizini. Malkia huyo alitawala kwa miaka 34. Mwaka 1764 alianzisha taasisi ya Smolny kwa ajili ya elimu ya wasichana. Mwaka 1768, wakati ndui ikiwamaliza watu, alijitolea yeye mwenyewe kuchanjwa na daktari kutoka Uingereza ili raia wake waondokewe na hofu. Alikufa Novemba 1796 kwa ugonjwa wa kiharusi.

Hata hivyo, ukimtaja barazani, huenda ukasikia habari za wapenzi wake kabla ya kusikia habari za chanjo. Na ukikaa kidogo, utasimuliwa kisa cha aibu kuhusu kifo chake, kisa kinachohusisha farasi, ambacho ni uzushi mtupu. Ni kweli kwamba alikuwa na wapenzi kadhaa. Lakini Peter wa Kwanza, aliyetawala kabla yake, naye alikuwa na mahawara, na bado historia inamkumbuka kwa jeshi la majini na kwa mji wa St Petersburg aliouanzisha mwaka 1703. Mwanamume amepewa mji, mwanamke amepewa kitanda.

Simtetei malkia huyu kana kwamba alikuwa malaika. Katika enzi yake wakulima waliofungwa kwa mabwana wa ardhi walizidi kukandamizwa, na uasi wa Pugachev wa mwaka 1773 hadi 1775 ulizimwa kwa ukatili. Hayo ndiyo maswali mazito ambayo mtawala yeyote anapaswa kuulizwa kaburini. La kusikitisha ni kwamba umbea haujamhukumu kwa machozi ya wakulima. Umemhukumu kwa faragha yake, na kwa kufanya hivyo umeyafunika mema yake pamoja na maovu yake.

Je, sisi wa pwani ya Ziwa Victoria tuko mbali na kasumba hii? Tutazame fasihi simulizi ya Homa Bay. Karibu na Kendu Bay liko ziwa dogo la Simbi. Tunasimuliwa kwamba hapo palikuwa na kijiji ambacho wenyeji wake walimfukuza bibi kizee aliyeomba hifadhi usiku, maji yakakimeza. Kule Nyandiwa, katika nchi ya Gwassi, tunasimuliwa habari za Nyamgondho mwana wa Ombare, mvuvi fukara aliyemwopoa bikizee kutoka ziwani. Mwanamke huyo akamletea utajiri wa ng'ombe. Siku Nyamgondho alipolewa na kumtukana, mwanamke alirejea ziwani na mifugo yote ikamfuata. Katika masimulizi yanayojulikana zaidi, kijiji kina jina na mvuvi ana jina, tena na la babaye. Wanawake hao wawili, ambao ndio chanzo cha nguvu yote katika visa hivyo, hawana majina. Tunajua walivyotendewa nyumbani, hatujui walikuwa nani.

Basi tumtazame mwanamke mwenye jina. Phoebe Asiyo alizaliwa mwaka 1932. Mwaka 1958 alikuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza Maendeleo ya Wanawake, chama kilichoanzishwa mwaka 1952 chini ya serikali ya kikoloni. Alihudumu katika idara ya magereza, akapanda hadi cheo cha juu ambacho mwanamke hakuwahi kukishika, na akahimiza wafungwa wa kike watengwe na wa kiume. Mwaka 1980 watu wa Karachuonyo walimpeleka Bungeni, na katika uchaguzi wa 1992 walimrudisha. Mwaka huo wanawake waliochaguliwa kote nchini walikuwa 6 tu, katika Bunge lenye viti 188 vya kuchaguliwa.

Mwaka 1997 Asiyo aliwasilisha Bungeni hoja ya kutaka wanawake watengewe nafasi katika uongozi wa nchi. Hoja hiyo ilishindwa. Lakini mbegu haikufa. Baadaye alikuwa mmoja wa makamishna wa Tume ya Kurekebisha Katiba iliyoongozwa na Profesa Yash Pal Ghai. Katiba iliyoidhinishwa mwaka 2010 inasema kwamba katika taasisi za kuchaguliwa au kuteuliwa, wa jinsia moja wasizidi thuluthi mbili. Katiba hiyohiyo iliweka viti 47 vya wawakilishi wanawake, kimoja kwa kila kaunti, Migori na Homa Bay zikiwemo. Safari haikuishia hapo, kwani Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje Bunge kwa kushindwa kupitisha sheria ya kutekeleza kanuni hiyo, na Bunge halikuvunjwa. Mwaka 2022 Homa Bay ilimchagua Gladys Wanga kuwa gavana, mmoja wa magavana wanawake 7 wa uchaguzi huo. Asiyo aliiona siku hiyo. Alifariki Julai 2025 nchini Marekani.

Huo ndio urithi. Lakini msomaji ahudhurie mkutano wa kampeni mahali popote kati ya Mbita na Rongo, asikilize mgombea wa kike anavyoulizwa. Haulizwi barabara ataijenga vipi. Anaulizwa ameolewa wapi. Akigombea kwao alikozaliwa, huambiwa yeye ni migogo, yaani binti aliyekwisha kuolewa kwingine, aende akaombe kura kwa mumewe. Akigombea kwa mumewe, huambiwa ni mgeni aliyekuja na ndoa. Asipokuwa na mume, hilo nalo huwa kosa. Mwanamume hana swali la namna hiyo la kujibu. Hivyo maisha ya kibinafsi ya mwanamke hugeuzwa kuwa uzio wa kumzuia asifike kwenye boma la uongozi.

Wapo watakaonipinga kwa kusema kwamba kiongozi hana faragha, na kwamba asiyeweza kutunza nyumba hawezi kutunza nchi. Hoja hii ingekuwa na uzito kama ingetumiwa kwa wote. Mizani inayopima upande mmoja tu haistahili kuitwa mizani. Wapo pia, hasa miongoni mwa watetezi wa wanawake, watakaosema kwamba tuyaache kabisa maisha ya nyumbani na tuandike matendo ya hadharani pekee. Hawa nao siwaungi mkono. Mwanamke aliyelea watoto na bado akaongoza chama cha taifa, aliyeshindwa katika uchaguzi na akarudi tena, hawezi kueleweka kwa kuorodhesha vyeo vyake. Ni nani aliyebaki na watoto? Mume alisema nini? Majirani walinong'ona nini, naye aliubebaje mnong'ono huo? Wambea huyauliza maswali haya ili wadhalilishe. Mwandishi mwadilifu huyauliza ili aelewe, na jibu asilolithibitisha haliandiki.

Kiswahili kina mfano wa kufuatwa. Shaaban Robert, mwanamume mwenye jina kubwa kuliko wote katika fasihi yetu ya karne ya 20, aliketi akaandika wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa Zanzibar aliyetoka katika umaskini. Hakungoja ulimwengu umtambue kwanza kwa lugha nyingine. Asiyo naye aliandika tawasifu yake, ikatoka mwaka 2018, lakini kwa Kiingereza. Mama anayeuza omena sokoni Homa Bay, au mwanafunzi wa shule ya upili kule Awendo, ataipata wapi habari hiyo kwa lugha anayoitumia sokoni na darasani?

Kwa hivyo napendekeza mambo mawili. Kwanza, wanachama wa chama chetu watokao Migori na Homa Bay wakusanye masimulizi ya wanawake walioongoza, kuanzia vikundi vya akina mama hadi Bungeni, wakiwahoji wazee ambao bado wako nasi na kuyaandika kwa Kiswahili. Pili, tunapofundisha visa vya Simbi na Nyamgondho, tuwaulize wanafunzi swali ambalo masimulizi hayakulijibu: mwanamke huyu aliitwa nani?

Chanda chema huvikwa pete, lakini pete haijivishi yenyewe. Kalamu tunazo. Tusipoziinua, wambea watatuandikia, na wajukuu wetu watamjua mama wa Karachuonyo kama dunia inavyomjua malkia wa Urusi: kwa yale ambayo hayakuwapo.