Shoga wa Kuchekesha

Juma hili nawaletea kutoka Nungwi neno moja dogo: shoga.

Huku Unguja neno hili ni la wanawake. Bibi humwita mwenzake shoga wakisukana nywele au wakiongozana arusini. Edward Steere, mmisionari Mwingereza, alipotoa kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja mwaka 1870, aliliandika hivyo hivyo: rafiki, kwa wanawake tu. Lakini aliongeza kuwa Lamu lina maana nyingine, mwanamume alalaye na mwanamume mwenzake. Leo maana zote mbili zasikika pwani na bara.

Filamu za Marekani nazo zimeziunganisha maana hizo katika mtu mmoja. Tazama "My Best Friend's Wedding" ya mwaka 1997. Julia Roberts ataka kuivunja arusi ya rafiki yake wa zamani. Rupert Everett, mwanamume apendaye wanaume, apanda ndege hadi Chicago, amshauri, ajifanya mchumba wake, achekesha meza nzima, na mwisho arudi kumfariji. Ya kwake mwenyewe twaambiwa kidogo sana.

Everett yu hivyo hata nje ya filamu, wala hafichi. Amesema kwamba baada ya kujitangaza, nafasi za kuwa shujaa katika filamu kubwa zilimpita. Kuwa rafiki wa shujaa alikubaliwa. Kuwa shujaa, la.

Vijana wetu huziona filamu hizi katika simu. Kisha humtafuta kijana mwenye sauti laini, wakamcheka, wakamwiga mwendo, wakadhani huo ndio urafiki. Jihadharini! Zanzibar jambo hilo lina adhabu ya kifungo. Jina alilobandikwa mtu barazani kwa mzaha laweza kumfikisha kituo cha polisi, au mikononi mwa watu wenye fimbo, naye pengine hana lolote alilotenda. Hapo wale waliomcheka hawaonekani.

Wazee walisema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Basi, ndugu msomaji, yupo mtu akuchekeshaye kila siku? Jiulize: wamjua mama yake? Akiugua, utampelekea uji? Akipigwa, utasimama mlangoni kumkinga? Kama sivyo, huyo si shoga yako. Ni ngoma yako tu: wampiga ili wewe ucheze.

Tutaonana juma lijalo, Mungu akipenda.