Anayeuza mchanga wa mto ameuza maji ya jirani

MITO ya Kitui na Makueni ina desturi ya kumhadaa mgeni. Kwa miezi mingi huonekana kama barabara pana za mchanga mkavu, kumbe chini yake ndiko wanavijiji wengi wanakochota maji ya kunywa, kupikia na kunywesha mifugo.

Mvua ya Ukambani hunyesha katika misimu miwili, na ile ya Oktoba hadi Desemba ndiyo wakulima huitegemea zaidi. Ikinyesha kwenye vilima vya Mbooni na Kilungu, maji huteremka kwa kishindo, na baada ya muda mfupi mto hukauka tena. Ghadhabu ya mito hiyo ilidhihirika Desemba 2021, basi liliposombwa katika mto Enziu, Kitui, na watu zaidi ya 30 wakafa maji.

Ili kuyazuia maji hayo, wenyeji hujenga ukuta juu ya mwamba, kutoka ukingo mmoja wa mto hadi wa pili. Mafuriko huleta mchanga mzito unaotuama nyuma ya ukuta, na matope mepesi hupita juu yake. Mchanga huo ukishajaa, huhifadhi maji katikati ya chembe zake, mbali na jua kali, huku ukiyachuja. Kisima kifupi chenye pampu ya mkono hutosha kuyafikia.

Tangu miaka ya tisini, shirika la SASOL limesaidia vijiji vya Kitui kujenga mamia ya mabwawa ya aina hii. Wafadhili hutoa saruji na vyuma; wanakijiji husomba mawe, mchanga na maji kupitia mwethya, ushirika wa kazi ambao Wakamba wamerithi kutoka kwa mababu zao. Ndiyo maana wanakijiji huliona bwawa kuwa lao.

Tatizo ni kwamba mchanga huo huo ndio unaotafutwa na wajenzi wa Nairobi na miji mingine. Lori linapoondoka na mchanga, limebeba tangi la kijiji. Kina cha maji hushuka, visima hukauka, na akina mama huongezewa mwendo.

Makueni ilitambua hatari hiyo ilipopitisha sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka wa 2015 na kuunda mamlaka ya kuusimamia. Hatua hiyo ilifaa. Hata hivyo, kijana asiye na ajira hulipwa papo hapo anapopakia lori, ilhali faida ya maji huonekana wakati wa kiangazi. Aidha, mto hupita katika vijiji vingi. Kijiji kimoja kikilegea, walio jirani nacho huumia. Sheria haitafua dafu iwapo kamati za maji hazina sauti kuhusu mahali pa kuchimba, na iwapo ushuru wa mchanga hauwarudii wanaoulinda.

Wapo wanaoamini kuwa bwawa kubwa la Thwake, ambalo ujenzi wake ulizinduliwa mwaka wa 2018, litamaliza kiu. Litasaidia, bila shaka. Lakini kuyapandisha maji hadi vilimani kunahitaji mabomba, mitambo na umeme, na gharama hiyo ina mlipaji. Wahenga walionya dhidi ya kuacha mbachao kwa msala upitao. Mbachao wa Ukambani ni mchanga ulio mtoni, na ungali unachukuliwa.