Uza Jina, Nunua Kesho!

Wiki hii tuyaweke pembeni mambo ya mapenzi na mitindo ya nywele. Leo tunaingia ofisini, tena ofisi ya bosi wa timu ya kikapu. Futa vumbi viatu, kaa vizuri kwenye kiti, maana timu yako imeburuta mkia!

Ngoma yenyewe ni hii. Kuna gemu moja ya bure kwenye intaneti, inaitwa Basketball GM. Humo hudundi mpira wala hurushi kitu. Unakabidhiwa timu nzima, we ndo meneja mkuu. Unasajili, unatimua, unabadilishana wachezaji na timu nyingine, na kila msimu ukiisha unachagua chipukizi. Mechi zinajichezea zenyewe, kazi yako ni kuangalia matokeo na kushika kichwa. Wenye mashine za gemu nyumbani wanayo NBA 2K, ambayo nayo ina sehemu ya umeneja. Lakini hii ya kwanza inafunguka hata kwenye simu, ndo maana siku hizi unamkuta mtu kwenye daladala anajisemea peke yake. Usimcheke. Anauza mtu huyo!

Sasa sikia. Umepewa timu mbovu, msimu mzima imeshinda mechi 19 tu kati ya 82. Ndani yake yumo staa mmoja, ana miaka 31, mshahara mnene, na ndiye pekee anayekupa raha ukitazama matokeo. Utafanyaje?

Hapa ndipo vijana wengi wanapochemsha. Wanamng'ang'ania staa, halafu wanatoa chipukizi wawili kumtafutia mwenzake wa kusaidiana naye. Msimu unaofuata wanashinda mechi 35, wanajiona wamefika. Unaofuata staa ana miaka 33, magoti yanalia, chipukizi waliouzwa wanang'ara kwa jirani. Kwisha habari yako.

Dawa ni moja tu: uza jina, nunua kesho. Kila mchezaji humo ana namba mbili, moja ni uwezo wake wa leo, ya pili ni ule anaoweza kuufikia. Kwa mtu wa miaka 31 namba hizo ziko sawa, na zote zinajiandaa kushuka. Kwa dogo wa miaka 19, ya leo inatia huruma ila ya kesho inatoa mate. Kwa hiyo staa wako mpeleke kwa timu inayotaka kombe mwaka huu huu. Mtu mwenye haraka halalamikii bei. We chukua madogo na nafasi za drafti za miaka ijayo.

Nikisema drafti simaanishi ile ya vizibo vya soda pale kijiweni. Hii ni siku ambayo timu zinapanga foleni kuchagua vijana wapya, na waliofanya vibaya ndio wanaokaa mbele ya foleni. Nafasi yako kwenye foleni ni mali. Unaweza kuiuza hata kabla mwaka wenyewe haujafika.

Unadhani ni mambo ya kwenye simu tu? Basi twende Marekani, mwaka 2013. Boston Celtics walikuwa na wazee wao wawili wanaopendwa kama ndugu, Paul Pierce aliyekuwa na miaka 35 na Kevin Garnett wa miaka 37. Brooklyn Nets walitaka kombe haraka. Wakawachukua wote wawili pamoja na Jason Terry, na ndani ya malipo wakatoa nafasi zao za raundi ya kwanza za 2014, 2016 na 2018, juu yake haki ya kubadilishana nafasi mwaka 2017. Loh!

Kilichofuata? Nets walitolewa raundi ya pili mwaka 2014 na Miami Heat. Pierce aliondoka baada ya msimu mmoja tu. Celtics kwa nafasi ya 2016 wakamchagua Jaylen Brown. Mwaka 2017 haki ile ikawapa namba moja, wakarudi nyuma hadi namba tatu kwa makubaliano na Philadelphia, wakaongezewa nafasi nyingine na bado wakampata Jayson Tatum waliyekuwa wanamtaka. Mwaka 2024 Brown na Tatum wakabeba kombe, la 18 kwa klabu hiyo. Hesabu mwenyewe: kutoka 2013 hadi 2024 ni miaka 11. Kesho ilifika, lakini haikufika Jumatatu!

Somo la pili, fungu na tunda. Ukiwa chini, chukua mafungu: wachezaji wengi wabichi, nafasi nyingi za drafti. Baadhi yatakuozea, baadhi yataiva. Ila ukishaanza kupanda, geuza biashara. Uwanjani wanaingia watano tu, sio 15. Wachezaji watatu wa kawaida hawawezi kukaa kwenye kiti cha staa mmoja. Hapo unatoa mafungu matatu kununua tunda moja lililoiva. Kuna watu wanabaki na mafungu milele, kila mwaka chipukizi, kila mwaka "timu ya baadaye". Baadaye ya lini?

Oklahoma City Thunder wanalijua hili. Julai 2019 walimtoa Paul George kwa Los Angeles Clippers. Wakapewa kijana mmoja mwembamba, Shai Gilgeous-Alexander, pamoja na Danilo Gallinari, nafasi tano za raundi ya kwanza na haki mbili za kubadilishana. Baadaye ikaja njaa: msimu wa 2020-21 ushindi 22 katika mechi 72, unaofuata ushindi 24 katika mechi 82. Mwaka 2022, kwa nafasi iliyotoka kwa Clippers, wakamchagua Jalen Williams akiwa wa 12. Kisha angalia ngazi: ushindi 40, halafu 57, halafu 68. Juni 2025 wakawafunga Indiana Pacers kwenye fainali iliyokwenda mpaka mechi ya saba. Yule mwembamba ndiye aliyekuwa mchezaji bora wa msimu na wa fainali. George yeye alishaondoka Clippers mwaka 2024, na fainali hawakuiona.

Somo la tatu, mzigo una ushuru. Ligi ina kikomo cha mishahara. Timu iliyokipita, ikitaka kubadilishana, lazima ipokee mishahara midogo kuliko inayotoa. Kwa hiyo kuna mabosi wanahangaika na mchezaji anayelipwa kifalme na kucheza kichovu. We ambaye una nafasi kwenye bajeti, mchukue, lakini kama mpagazi wa Kariakoo: anayekutwika gunia akulipe. Malipo yako ni nafasi ya drafti au dogo mmoja. Mzigo utaisha mkataba, dogo atabaki.

Haya, msidhani drafti ni mashine ya pesa. Hapa nyumbani tunajua. Mwaka 2009 Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar es Salaam, alichaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies, Mtanzania wa kwanza kufika NBA. Jiji lilitembea kifua mbele! Nyuma yake kwenye foleni walikuwa James Harden aliyechaguliwa wa tatu na Stephen Curry aliyechaguliwa wa saba. Wazee wa ofisi kubwa, wenye wapelelezi na kompyuta, waliangalia kesho wakaiona vibaya.

Februari 2011 Memphis wakampeleka Houston Rockets ili wampate mkongwe Shane Battier. Miezi miwili baadaye Memphis, walioingia mtoano wakiwa wa nane, waliwang'oa San Antonio Spurs waliokuwa wa kwanza. Kwenye simu ungesema dili safi, umeuza na umefaidika. Lakini Hasheem alipelekwa Portland mwaka 2012, akaenda kucheza Oklahoma City, na mwaka 2014 akatupiwa Philadelphia ambao walimwacha baada ya siku chache tu.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo. Sisi huku tunabonyeza kitufe, mchezaji kaondoka, tunaendelea na chipsi zetu. Kule kuna mtu anapigiwa simu, anafunga begi, anahama mji kwa kuwa bosi kapata bei nzuri. Gemu inakufundisha kumsoma binadamu kwa namba mbili. Ni ujanja mzuri ofisini, ila ukitoka nao nje ni sumu. Kuna jamaa nawafahamu wameanza kuwapima hata marafiki: huyu umri umekwenda, huyu hana faida, huyu nibadilishane. Mama mdogo wako hana namba ya kesho, kaka. Ana namba ya simu, mpigie!

Na usisahau kibarua chako nacho kina macho. Ndani ya Basketball GM mwenye timu anaangalia vitu vitatu: ushindi, mtoano na pesa. Ukijenga polepole mno, kibarua kinaota nyasi. Sam Hinkie yalimkuta Philadelphia. Aliingia 2013, akauza kila mwenye jina, akakusanya nafasi. Misimu mitatu timu ikashinda mechi 19, 18, kisha 10. Alimchagua Joel Embiid mwaka 2014, lakini aliondoka Aprili 2016 kabla dogo huyo hajacheza hata mechi moja ya ligi, kwa sababu ya majeraha. Aliyepanda siye aliyekula. Kwa hiyo kila msimu mwoneshe bosi kitu, hata kama ni pesa iliyobaki kwenye kapu.

Kwa wale mnaocheza ligi ya washikaji, kila mmoja na timu yake, ninayo rai. Wekeni watu watatu wa kukagua kila dili kabla halijapita. Mgeni asiibiwe wiki ya kwanza eti kwa kuwa hajui thamani ya nafasi ya drafti. Mtu asimgawie swahiba wake staa wa bure siku anapoacha ligi. Kompyuta ukiilalia haikununii. Mshikaji ukimlalia anakununia, na Jumamosi kijiwe kinakuwa na viti vitupu. Ligi inakufa hapo, na kombe lako utamringia nani?

Kubwa la leo ni hili. Kuuza cha leo ili upate cha kesho kunahitaji mambo mawili: ujasiri wa kumuaga unayempenda wakati bado ana bei, na tumbo la kuvumilia miaka ya kufungwa bila kutupa mpango. La kwanza wengi wanalo. La pili ndo linawaangusha, humo kwenye gemu na huku mtaani. Dogo anayeacha kununua viatu vipya alipie ada ya ufundi naye yuko kwenye msimu wa ushindi 22. Msimcheke, ngazi zake zinakuja.

Haya, staa wako ana miaka mingapi? Kama imezidi 30, simu ishike sasa hivi. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda. Ciao!