UCHAMBUZI: Hirola hatapona bila nyasi

HUKU macho ya wengi yakielekezwa kwa ndovu na vifaru, hirola anaangamia kimyakimya. Swala huyu, mwenye alama nyeupe mfano wa miwani, huishi Kaunti ya Garissa, mbali na kundi dogo lililohamishiwa Tsavo Mashariki mnamo 1963 na 1996.

Katika miaka ya 1970, zaidi ya hirola 10,000 walikuwepo. Leo wanakadiriwa kuwa chini ya 500. Ugonjwa wa sotoka uliwafyeka miaka ya 1980, kisha ukame na ujangili ukafuata. Sotoka ilitangazwa kutokomezwa duniani mnamo 2011, lakini hirola hawakurejea. Kwa nini?

Jibu limo katika malisho. Hirola hutegemea nyasi fupi za mbuga wazi. Ndovu walipomalizwa na majangili, hapakuwa na wa kuangusha miti, na vichaka vikaimeza mbuga.

Mnamo 2012, wafugaji wa Ishaqbini walitenga ardhi na hirola 48 wakawekwa ndani ya ua, mbali na simba na mbwamwitu. Katika miaka michache waliongezeka zaidi ya maradufu.

Hata hivyo, hirola wengi wangali nje ya ua huo. Yafaa serikali ya kaunti na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori zishirikiane na wafugaji kufyeka vichaka na kuwalinda ndovu wachache wanaorejea. Nyasi zitakazomwokoa hirola ndizo zitakazomnenepesha ng'ombe. Hirola ndiye wa mwisho katika ukoo wake. Akitoweka, hana ndugu wa kurithi nafasi yake.